Squid Game msimu wa pili: kwa nini hadithi ilisuasua ilhali kila kitu kilikuwa tayari?

#1 Kalamu Kavu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Tahadhari kwa ambao hawajaitazama: humu tutataja nani anakufa na nani anamsaliti nani.

Nimerudia kuitazama Squid Game, ile tamthilia ya Korea Kusini ya watu wenye madeni wanaocheza michezo ya kufa na kupona kisiwani wakiwania fedha, msimu wa pili, safari hii kwa utulivu na daftari mkononi, na nimetoka na dai ambalo naliweka hapa ili lipigwe. Nadai kwamba tatizo la msimu ule si uhaba wa matukio. Matukio yapo tele, ila hayasogezi kitu. Msimu wa kwanza wa mwaka 2021 ulikuwa na vipindi 9, na ndani yake ikachezwa michezo 6 hadi mshindi akapatikana. Msimu wa pili, uliotoka tarehe 26 Desemba 2024, una vipindi 7, lakini michezo iliyochezwa uwanjani ni 3 tu, na ule wa mwanzo, wa mwanasesere anayegeuza kichwa, hatuufikii mpaka kipindi cha tatu. Kipindi cha mwisho kinakatika washindani wakiwa bado ndani, Jung-bae ameuawa mbele ya macho ya rafiki yake Gi-hun, mshindi wa msimu wa kwanza aliyerudi kuikomesha michezo, na katika maswali yote ambayo Gi-hun aliingia nayo kisiwani hakuna hata moja lililopata jibu.

Sisemi kwamba kwenda taratibu ni kosa. Zipo tamthilia zinazokwenda taratibu na hakuna anayelalamika, kwa sababu kila onyesho linamwacha mhusika mahali tofauti na alipokuwa onyesho hilo lilipoanza. Humu kuna maonyesho mengi ambayo ukiyaondoa, linalotangulia na linalofuata yanaungana bila mtazamaji kuona mshono. Mnadhani kasoro iko wapi: kwenye maandishi, kwenye uhariri, au kwenye uamuzi wa kuigawa hadithi?

#2 Mzee wa Rimoti

Mkuu, anayetazama tamthilia huku ameshika daftari hata fainali ya kombe ataiona inasuasua. Hata hivyo nakuunga mkono kwa neno moja: mashua. Jun-ho, askari aliyemtafuta kaka yake kwa ujasiri wote ule msimu wa kwanza, safari hii amepandishwa kwenye mashua akitafuta kisiwa, na hadi msimu unaisha kisiwa hakijaonekana. Kila hadithi ilipopata joto tulirudishwa baharini kuhakikisha kwamba bado hajakiona.

#3 BintiSefu

Ahsante kwa mada. Swali la mwisho la mleta mada lina jibu tayari, na aliyelitoa ni mwandishi mwenyewe. Hwang Dong-hyuk, ambaye aliandika na kuongoza vipindi vyote, alieleza katika mahojiano kwamba msimu wa pili na wa tatu aliuwaza kama hadithi moja, kisha ikarefuka kupita alivyokusudia, ndipo ikagawanywa. Misimu hiyo miwili ilipigwa picha kwa mfululizo, na wa tatu ukatoka tarehe 27 Juni 2025 ukiwa na vipindi 6.

Jumlisha 7 na 6 upate 13, kisha tafuta katikati ya 13. Ni kipindi cha 7, kile cha uasi. Yaani uasi wa Gi-hun uliandikwa uwe egemeo la katikati, mahali ambapo mhusika mkuu hupoteza kila alichokitegemea kabla ya kuendelea akiwa mtu mwingine. Sisi tukauziwa egemeo hilo kwa bei ya kilele. Ndiyo maana hakuna kilichofunguliwa mwanzoni kikafungwa mwishoni. Tulitazama nusu ya kwanza ya hadithi ndefu, na nusu ya kwanza ya hadithi yoyote ile ina kazi ya kupanda, haina kazi ya kuvuna.

#4 Hesabu Haidanganyi

Tuweke tarakimu, kwa sababu tamthilia hii yenyewe inahesabu kila kifo ubaoni.

Msimu wa kwanza waliingia 456, na mchezo wa mwanasesere ukawabakisha 201. Baada ya michezo mitatu, kufikia ule wa kuvuta kamba, walikuwa wamebaki 40. Msimu wa pili waliingia 456, wakabaki 365, kisha 255, kisha 100. Maana yake ni kwamba kufikia hatua ileile ya mchezo wa tatu, msimu wa pili ulikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya wale wa msimu wa kwanza.

Sababu ya tofauti kubwa katika mchezo wa kwanza ni Gi-hun, ambaye aliwapigia kelele wenzake wasitikisike na wajipange nyuma ya walio warefu. Mafanikio ya shujaa yakaipunguzia hadithi kasi. Mwandishi alikuwa na mtu anayeijua njia, na mtu anayeijua njia hana budi kuokoa watu. Lakini kila anayeokolewa ni mtu wa ziada ambaye mwandishi anatakiwa kumpa jina, deni, mama na sababu ya kuwa pale. Bweni likajaa.

#5 Taa ya Koroboi

Idadi ya maiti si kipimo cha mwendo. Kilichoua mwendo ni kura. Msimu wa kwanza haukuwa na habari za kura. Watu waliingia, wakacheza, wakapungua. Msimu wa pili kila baada ya mchezo tunapanga foleni, kila mmoja anatembea hadi kwenye kitufe, anabonyeza, uso unaonyeshwa, watu wanashangilia au wananung'unika, kisha anafuata mwingine.

#6 Mtambaji

@Taa ya Koroboi, kura ilikuwepo msimu wa kwanza, tena katika kipindi cha pili kabisa. Waliobaki walikuwa 201, zikagongana 100 kwa 100, na aliyepiga ya mwisho alikuwa mzee mwenye namba 001, akaamua michezo isimame. Wote wakarudishwa makwao. Msimu wa pili unairudia hali hiyo kwa makusudi: kura ya kwanza inaisha 183 kwa 182, na anayeamua ni namba 001 tena, ila safari hii ni In-ho, kiongozi wa kisiwa na kaka yake Jun-ho, aliyejificha ndani ya sare, naye anaamua michezo iendelee.

Tofauti iliyoniudhi mimi ni hii. Kura ya msimu wa kwanza ilibadili kila kitu: tulitoka kisiwani, tukaona madeni, tukaona mama mgonjwa, tukaelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu angerudi kwa hiari. Kura za msimu wa pili zilikuwa tatu na hakuna hata moja iliyomtoa mtu. Mtazamaji anajua kwamba vipindi bado vipo, kwa hiyo anajua matokeo kabla hata foleni haijapangwa. Huwezi kumtia mtu taharuki juu ya jambo ambalo urefu wa msimu umeshamjibia. Kura ya tatu ilipogonga 50 kwa 50 ndipo jambo jipya likatokea, kwa sababu sare ilizaa usiku wa kuuana bwenini. Kama ningeulizwa, ningeibakiza ya kwanza na ya tatu, na ile ya katikati ningeipitisha kwa sentensi moja ya mhusika.

#7 Mpenda Ukimya

Nawasoma na kushangaa. Kura ndiyo hadithi yenyewe, ndugu zangu. Msimu wa kwanza uliuliza mtu atafanya nini akiwa na njaa na deni. Wa pili unauliza kundi litafanya nini likipewa uhuru wa kuchagua kila baada ya maafa. Washindani wanabandikwa alama kifuani, ya buluu kwa wanaotaka kuendelea na nyekundu kwa wanaotaka kuondoka, na kuanzia hapo wanalala pande mbili za bweni, wanakula kwa pande, na mwishowe wanauana kwa pande. Kitu cha aina hiyo hakiwezi kuharakishwa. Uchovu mnaousikia mnapoona kura ya pili ndio uchovu wa walioshindwa kwenye ile ya kwanza.

Mvumilivu hula mbivu.

#8 Mzee wa Rimoti

Mbivu zenyewe ziliwekwa msimu wa tatu, miezi sita baadaye. Na ngojangoja huumiza matumbo.

#9 Mhariri wa Usiku

Naomba nizungumze kwa upande wa meza ya uhariri, kwa kuwa ndiko ninakopatia riziki.

Watu husema "mwendo" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna kasi ya ndani ya onyesho, yaani picha hubadilika baada ya muda gani na mazungumzo yamebanwa kiasi gani. Kuna kasi ya msuko, yaani habari mpya inamfikia mtazamaji baada ya muda gani. Halafu kuna mahali ambapo kipindi kinakatwa. Squid Game msimu wa pili haina udhaifu mkubwa katika ya kwanza. Mchezo ule wa jukwaa linalozunguka kama bembea, ambapo namba inatajwa na watu wanakimbilia vyumbani kwa makundi, umehaririwa kwa ustadi ambao ningeutamani. Udhaifu uko katika ya pili na ya tatu.

Kuhusu mahali pa kukata, mfano mzuri ni La casa de papel ya Hispania. Ilipoonyeshwa na Antena 3 mwaka 2017 ilikuwa na vipindi 15 virefu. Netflix ilipoichukua ikaihariri upya kuwa vipindi 22 vifupi. Hadithi ileile, waigizaji walewale, picha zilezile, lakini idadi ya miisho ikaongezeka, na kila mwisho wa kipindi ulihitaji kuangukia mahali penye kishindo. Anayedhani mwendo umefungwa ndani ya maandishi peke yake autafakari mfano huo.

Lakini mkasi nao una mpaka wake. Mtayarishaji mmoja niliyefanya naye kazi alitaka vipindi viongezeke bila hadithi kuongezeka, akasema tutarekebisha kwenye uhariri. Uzi ambao mwandishi hakuusogeza hauwezi kusogezwa na mhariri. Unaweza tu kufupishwa, na ukiufupisha mno mtazamaji anausahau. Naamini hicho ndicho kilichotokea kwa mashua ya @Mzee wa Rimoti. Walilazimika kuionyesha mara kwa mara ili tusimsahau Jun-ho, si kwa sababu alikuwa na la kutuambia.

#10 Kinaya

Hakuna aliyegusa suala la siri ya namba 001, na kwangu hilo ndilo kiini.

Msimu wa kwanza tulifichwa kwamba mzee Il-nam ndiye mwenye michezo mpaka kipindi cha tisa. Msimu wa pili tunaambiwa mapema, kura ya kwanza tu, kwamba rafiki mpya wa Gi-hun ni adui yake. Hapo mwandishi amebadili mshangao kwa kinaya: mtazamaji anajua, mhusika hajui. Alfred Hitchcock alilieleza jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wawili wakizungumza na bomu likalipuka ghafla, umempa mtazamaji sekunde chache za mshtuko. Akiwa ameliona bomu tangu mwanzo, mazungumzo yaleyale ya kawaida yanampa dakika nyingi za taharuki.

Sasa tazameni kilichosahaulika. Bomu la Hitchcock lina saa. Mtazamaji anajua litalipuka saa ngapi na anaona dakika zikipungua. Bomu la In-ho halina saa. Anaweza kujifichua leo, kesho au asijifichue kabisa, na hakuna kinachomsukuma. Kwa hiyo kila onyesho la yeye na Gi-hun wakila pamoja linaanza kwa taharuki na kuishia katika mazoea. Kibaya zaidi, msimu unaisha bomu halijalipuka: In-ho anaigiza kifo chake kwenye redio, anarudi akiwa amevaa kinyago, anamuua Jung-bae, na Gi-hun bado hajui kwamba aliyevaa kinyago ndiye aliyekuwa akigawana naye chakula.

#11 Kalamu Kavu

@Kinaya, hoja ya saa nimeipenda, nayo inaungana na ya @Mtambaji. Kura haina saa, mashua haina saa, siri haina saa. Chenye saa ni michezo tu, na michezo ni mitatu.

#12 Chumba cha Waandishi

Hamjagusa historia. Msimu wa pili ni ugonjwa wa kale, na mgonjwa anayefahamika kuliko wote ni The Walking Dead, tamthilia ya Marekani ya manusura na wafu wanaotembea. Msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi 13 vyenye mbio, wa pili ukajichimbia kwenye shamba la Hershel na kukataa kutoka. Mtoto Sophia anapotea, nao wanamtafuta, wanamtafuta, wanamtafuta.

#13 Hesabu Haidanganyi

Vipindi 13 ni vya msimu wa pili, ulioonyeshwa 2011 hadi 2012. Wa kwanza, wa 2010, ulikuwa na vipindi 6 tu. Sophia anapotea kipindi cha kwanza na anapatikana cha saba, akitoka ghalani akiwa mfu anayetembea. Kwa hiyo hadithi iliyokuwa imebanwa ndani ya 6 iliambiwa ijaze zaidi ya mara mbili ya nafasi hiyo, na hayo yakatokea wakati kiti cha msimamizi wa waandishi kinahama: Frank Darabont aliondoka Julai 2011 kazi ikiwa inaendelea, Glen Mazzara akashika nafasi.

#14 Mpenda Ukimya

Na bado onyesho la ghala ndilo ambalo watu wengi hulitaja wanapoikumbuka tamthilia hiyo. Kama Sophia angepatikana kipindi cha tatu, mlango ule ungefunguka na nyinyi mngepiga miayo. Uzito wa ghala ulitengenezwa na majuma ya kumtafuta, majuma yaleyale ambayo watazamaji waliyalalamikia.

#15 BintiSefu

@Mpenda Ukimya, hapo umejifunga mwenyewe. The Walking Dead ilicheleweshwa kisha ikalipa ndani ya msimu uleule, tena katikati yake. Mimi silalamikii deni, nalalamikia tarehe ya kulipa.

#16 Sindano

Tusisahau Heroes, tamthilia ya Marekani ya watu wa kawaida wenye nguvu za ajabu. Msimu wa kwanza vipindi 23, dunia nzima ikaipenda. Msimu wa pili ukaanza Septemba 2007, mgomo wa waandishi wa Marekani ukaingia, hadithi ikakwama. Wakati mwingine sababu si sanaa, ni mgogoro wa kazi.

#17 Chumba cha Waandishi

@Sindano, tarehe zinakataa. Mgomo ulianza tarehe 5 Novemba 2007 na kumalizika 12 Februari 2008. Vipindi ambavyo watazamaji walivilalamikia vilikuwa vimeshaandikwa na vingi vimeshaonyeshwa. Novemba hiyohiyo Tim Kring, aliyeibuni tamthilia, aliomba radhi hadharani, akakiri kwamba mwendo ulikuwa wa polepole mno, kwamba walichukua muda mrefu kuifikia hadithi kubwa, na kwamba mhusika Hiro alikaa mno katika Japani ya kale. Mgomo ulichofanya ni kuukata msimu ukaishia kipindi cha 11. Kwa hiyo mgomo uliufupisha ugonjwa, haukuuleta.

Ninachojifunza humo ni kwamba walijaribu kuanza upya. Waliwarudisha wahusika mwanzo, kana kwamba hawajui nguvu zao, wakaongeza wageni, wakidhani mtazamaji alipenda safari ya kugundua. Mtazamaji alikuwa ameshamaliza kugundua. Kipindi cha kwanza cha Squid Game msimu wa pili kinagusa kosa hilohilo: tunamtafuta mtu wa kuajiri washindani kana kwamba hatujui michezo ipo.

#18 Taa ya Koroboi

Kipindi cha kwanza msikiguse. Yule mwajiri anayewapa masikini wachague mkate au tiketi ya bahati nasibu, kisha anamkabili Gi-hun kwa bastola yenye risasi moja, ndicho kipindi bora cha msimu wote, na hakina mchezo hata mmoja wa uwanjani. @Kalamu Kavu, hapo dai lako la michezo mitatu linayumba, kwa sababu bastola ile ni mchezo, tena wenye kanuni na wenye mwisho.

#19 Kalamu Kavu

Haiyumbi, inaimarika. Kipindi cha kwanza kinakwenda kwa sababu kila onyesho linafungwa: mwajiri anatafutwa, anapatikana, anakufa. Ukikitazama peke yake ni hadithi kamili. Kama vilivyofuata vingejengwa hivyo, nisingefungua uzi huu.

#20 Jicho la Nyuma

Kuna mgonjwa mwingine ambaye dalili zake ni kinyume kabisa, nao ni Twin Peaks. Swali lilikuwa moja, nani alimuua Laura Palmer, na David Lynch hakutaka lijibiwe haraka. Kituo cha ABC kikashinikiza jibu, likatolewa tarehe 10 Novemba 1990 katika kipindi cha saba cha msimu wa pili. Msimu huo ulikuwa na vipindi 22. Vilivyobaki vikatangatanga, watazamaji wakapungua, na mwaka 1991 tamthilia ikafutwa.

Sasa nieleweni: Twin Peaks ilizama kwa kujibu, na nyinyi mnasema Squid Game ilizama kwa kutojibu. Mnataka mwandishi afanye nini?

#21 Mtambaji

Afanye walichofanya wa Lost, tamthilia ya manusura wa ajali ya ndege. Hadithi ilikuwa inajivuta kwa sababu waandishi hawakujua wana vipindi vingapi mbele yao, ndipo Mei 2007 wakakubaliana na ABC kwamba vimebaki 48 na mwisho ni 2010. Kuanzia hapo wakajua wanasogeza nini na kwa kasi gani. Kujibu si tatizo, na kutojibu si tatizo. Tatizo ni kutojua mwisho uko umbali gani.

#22 Kinaya

Lakini Hwang aliujua mwisho. Misimu yote miwili ilipigwa picha kwa mfululizo, kwa hiyo idadi ya vipindi ilikuwa mezani. Maelezo ya Lost hayatusaidii hapa. Ukitaka kuiponda Squid Game useme alijua na bado akasuasua.

#23 Mgeni wa Uzi

Mimi niliitazama misimu ya pili na ya tatu kwa pamoja, baada ya yote kutoka, na sikuliona tatizo mnalolizungumza hata kidogo. Uasi ulipofeli nikabonyeza kipindi kinachofuata, nikaendelea.

#24 Mzee wa Rimoti

Huyu ndiye aliyekula mbivu.

#25 BintiSefu

Ushahidi wa @Mgeni wa Uzi ndio uthibitisho wa hoja yangu namba 3. Ukiondoa pengo la miezi sita, kosa linapotea.

#26 Hesabu Haidanganyi

Halipotei lote, kwa sababu pengo refu zaidi lilikuwa kabla ya msimu wa pili: Septemba 2021 hadi Desemba 2024, miaka mitatu na zaidi. Mtu aliyesubiri kiasi hicho ana kichwani msimu wake mwenyewe, alioutunga kwa kusubiri, na huo una mbio kuliko wowote utakaoandikwa. Msisahau pia kwamba vipindi vyote 7 vilitolewa kwa siku moja. Kura tatu zikitenganishwa na majuma matatu ni desturi ya michezo. Kura tatu ndani ya usiku mmoja wa kutazama ni karaha.

#27 Mhariri wa Usiku

Kuna jambo la wahusika halijasemwa. Ukiwa unajua kwamba hadithi inaendelea msimu wa tatu, unajua pia nani huwezi kumuua wa pili. Jun-hee ni mjamzito na mimba ile haijawekwa bure, kwa hiyo hafi kabla ya kujifungua, na kweli anajifungua msimu wa tatu. Mama na mwanawe, Geum-ja na Yong-sik, wana deni la kihisia ambalo halijaiva. No-eul, mlinzi kutoka Korea Kaskazini, anapewa mwanzo mzuri sana kisha anawekwa akiba. Mtazamaji hana nakala ya maandishi, lakini ananusa ni nani amelindwa, na anayejua kwamba fulani amelindwa hutazama mchezo wa fulani akiwa ameegemea kiti. @Hesabu Haidanganyi alisema bweni lilijaa. Mimi naongeza kwamba lilijaa watu wenye kinga.

#28 Mpenda Ukimya

Kwa kanuni hiyo hakuna tamthilia yoyote yenye taharuki, kwa kuwa mhusika mkuu ana kinga daima.

#29 Mhariri wa Usiku

Mhusika mkuu mmoja ana kinga. Humu walikuwa darasa zima.

#30 Sindano

Narudi kwenye mashua, kwa sababu naona imeachwa inaelea. Hoja ya @BintiSefu ya hadithi moja iliyokatwa ingesimama kama mashua ingelipa msimu wa tatu. Lakini Jun-ho anakifikia kisiwa katika kipindi cha mwisho kabisa, michezo imekwisha, anachokiona ni kaka yake kwa mbali akiwa na mtoto mchanga, kisha kisiwa kinalipuliwa. Vipindi 13 vya safari, na alipofika hakubadili matokeo ya mtu yeyote. Hapo hakuna pengo wala tarehe ya kulaumu. Huo ni uandishi.

#31 BintiSefu

Mashua ina kazi moja: nahodha. Bila usaliti wake hatujui kwamba mkono wa kisiwa umefika hadi nje, na kwamba Gi-hun angeshindwa hata kama kifaa cha kumfuatilia kingefanya kazi.

#32 Sindano

Hilo linahitaji onyesho moja. Sisi tulipewa bahari nzima.

#33 Kinaya

Na nahodha naye ni bomu lisilo na saa. Tunaonyeshwa sisi kwamba ni msaliti, Jun-ho hajui, msimu unaisha hajui. Yaani ndani ya vipindi 7 mbinu ileile imetumika mara mbili, kwa Gi-hun nchi kavu na kwa Jun-ho majini, na zote mbili zikaahirishwa.

#34 Mtambaji

Basi ningependa @Mpenda Ukimya atujibu hili moja, kwa kuwa ndiye pekee anayetetea: kama uchovu wa kura ni wa makusudi, uchovu wa mashua nao ni wa makusudi ya nini?

#35 Mpenda Ukimya

Mashua siitetei. Natetea kura, na hasa ile ya pili ambayo @Mtambaji anataka kuipitisha kwa sentensi moja. Kura ya pili iliisha 139 kwa 116. Ya kwanza ilikuwa na tofauti ya mtu mmoja. Katika ya pili, baada ya kuona wenzao 110 wakifa kwenye mchezo wa kufungana miguu, waliotaka kuendelea waliongoza kwa 23. Iondoe, na hutaelewa kwa nini Gi-hun aliacha kuomba kura akaanza kutafuta bunduki.

#36 Mtambaji

Tarakimu hizo mbili zinaingia kwenye sentensi yangu moja na nafasi inabaki.